Puliza, Mpagazi

Kazi nilipewa kwa sababu ya mdomo. Siyo cheti, siyo undugu. Cheti changu cha kidato cha nne kina alama ambazo hata mama yangu hakuthubutu kuzitangaza kanisani, na ndugu mwenye cheo sina. Lakini nimeuza mchele Majimoto miaka sita, na mtu aliyeuza mchele Majimoto siku ya mnada, katikati ya honi za pikipiki na ng'ombe wanaolia, huwa hajui tena kusema polepole. Ndoa yangu ilipovunjika nikahamia Mpanda mjini, nikapanga chumba Majengo, nikapata kibarua cha kudeki na kuchemsha chai kwenye nyumba ambayo mradi ulikuwa umeikodi.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kujaribu dawa. Watu wa machimboni, wale wa kutoboa mwamba na wale wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, wanavuta vumbi miaka na miaka mpaka mapafu yanajaa makovu. Pafu lenye kovu halitanuki. Linakakamaa kidogo kidogo, kama ngozi ya ng'ombe iliyosahauliwa juani, na hakuna wa kulirudisha lilivyokuwa. Kulikuwa na kidonge ambacho wakubwa walidhani kinaweza kupunguza mwendo wa hayo makovu. Kupunguza mwendo, basi. Wagonjwa wakagawiwa makopo. Mengine yalikuwa na dawa, mengine unga mtupu ulioumbwa vilevile, rangi ileile. Nani kapata lipi, pale Mpanda hakuna aliyejua, hata daktari. Walisema ndivyo ukweli unavyotafutwa. Mimi nilikuwa nadeki, sikuulizwa.

Kila baada ya miezi mitatu mgonjwa alirudi kupimwa pumzi, na kipimo chenyewe ni ukatili, sina jina lingine. Unamkalisha mtu kwenye kiti, unambana pua kwa kibanio, unamtia mdomoni bomba la karatasi ngumu lililoungwa kwenye mashine ndogo. Anavuta hewa mpaka mwisho. Halafu anapuliza kwa nguvu zake zote, kwa mpigo mmoja, na anaendelea kupuliza hata anapohisi ndani hamna kitu tena, anaendelea tu, mpaka mstari kwenye kompyuta ulale. Mwenye mapafu mazima akifanya hivyo anaona nyota. Sasa mfikirie mtu ambaye ngazi tatu za mlangoni zinamkalisha chini. Na siyo mara moja. Mashine inataka mapulizo matatu safi, na mawili kati yake yafanane. Yasipofanana, rudia, mpaka mara nane.

Asiyetoa mapulizo yanayofanana, siku yake inaandikwa kama hakuja. Akikosa mara mbili mfululizo anatolewa kwenye mradi na kopo linarudishwa. Kanuni hiyo ishikeni, maana ndiyo iliyomuua mtu, ikisaidiana na mimi.

Muuguzi waliyekuja naye kutoka Dar alikuwa binti mzuri, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto alale. "Baba, tafadhali, jitahidi kidogo tena." Ebo! Mwanaume ametumia nusu ya maisha yake chini ya ardhi, unamwambia kidogo? Alipuliza hicho kidogo. Mashine ikakataa. Wiki tatu nzima mashine inakataa, daktari anashika kichwa, wagonjwa wanarudi makwao wamechoka bure. Mimi napita na ndoo yangu, nauma ulimi.

Siku ya kuuachia ulimi, kwenye kiti alikuwa amekaa mwanaume mmoja kutoka Litapunga. Mrefu, mabega ya mtu aliyebeba, kifua kimeingia ndani. Hakuwa mzee, alikuwa kwenye hamsini na kidogo, ila vumbi lilikuwa limemzeesha. Nilikuwa nimemsikia asubuhi akisalimiana na mwenzake kwa "mwangaluka", nikajua huyu Mnyamwezi. Mimi Mfipa. Sisi na wao ni watani, na utani siyo urafiki, ni zaidi, umerithiwa. Naweza kumtukania ukoo wake mbele ya mkewe, naye anaweza kuniita mchawi mbele ya padri, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Binti wa Dar akasema tafadhali baba kwa mara ya tano, mwanaume akatoa pumzi ya kuzimia kibatari. Nikaweka ndoo chini.

"We mpagazi!" nikamfokea kutoka mlangoni. "Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani kwa pumzi hiyo hiyo? Si ndiyo maana walikuwa wanafia njiani! Puliza!"

Akageuka, akaniona, macho yakawaka. Akavuta hewa, akapuliza, nami nikamsimamia kichwani nikipiga kelele kama naswaga ng'ombe: puliza, puliza, puliza, bado, bado, toa na ya mama yako, bado, maliza! Mstari ukapanda, ukateremka, ukalala. Mashine ikakubali. Mwanaume akang'oa kibanio, akakohoa mpaka machozi, akasema, "Nani kamruhusu mchawi kuingia hospitali mchana?" Mabega yakawa yanacheka kabla ya mdomo. Ndivyo alivyokuwa akicheka siku zote, anaanza na mabega.

Kesho yake daktari akanipa koti jeupe.

Nilifundishwa kuwasha mashine, kuisafisha, kusoma maswali ya fomu na kuweka alama ya vema kwenye Ndiyo au Hapana. Lakini kazi yangu hasa ilikuwa kutukana. Nilimpimia kila mtu tusi lake. Wasukuma niliwaambia ng'ombe wao wana pumzi kuliko wao. Waha niliwaambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Waliokuwa si watani zangu niliwatafutia njia nyingine, wengine niliwatisha, wengine niliwasifia kama bwana harusi. Chumbani kwangu hakushindwa mtu. Daktari aliwaambia wakubwa zake kwenye simu kwamba Mpanda tuna mapulizo safi kuliko vituo vyote, na mimi nikiwa nje ya mlango niliyasikia hayo maneno, nikayala, nikashiba. Nasema wazi: nilipenda sifa. Katika maisha yangu nilikuwa sijawahi kuwa hodari wa kitu kinachoandikwa.

Na nilikuwa nawaumiza. Nililiona hilo kila siku. Midomo inageuka rangi ya zambarau, mishipa ya shingo inasimama, mtu anakojoa kidogo kwenye suruali, anageuzia uso ukutani. Mimi nasema rudia. Mmoja alilia, nikamwambia machozi hayapimwi na hii mashine. Wenzake waliokuwa wakisubiri walicheka, na yeye akacheka. Nikirudi Majengo jioni, nilikula ugali wangu na dagaa, nikalala fofofo.

Mtani wangu wa Litapunga ndiye niliyemngojea kuliko wote. Alikuja na mkewe, mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye kicheko cha kusikika barabarani, na huyo mke akakaa kwenye benchi nje ya dirisha langu na kutega sikio. Kilichotokea chumbani aliwasimulia kijiji kizima. Mwanaume alipoanza vidonge alikuwa hawezi kufika shambani kwake bila kukaa chini mara nne. Baada ya miezi sita akaniambia anakaa mara moja, tena kwa uvivu. Kichefuchefu kilimsumbua, na jua lilianza kumchoma, akawa anatoka kajifunika kitenge cha mkewe kichwani, juu yake kofia pana ya majani.

"Bibi harusi kaingia," nikasema.

"Ndiyo, na mahari yangu ni Mfipa mmoja mzima, asiye na ungo," akajibu.

Lakini siku moja, mkewe alipokwenda kununua maandazi, alinishika mkono akasema bila utani, "Dada, mimi hili kopo lisiondoke. Mengine yote waniondolee. Nimewazika watu kumi na moja tuliofanya nao karasha. Mimi bado natembea." Nikamwambia kopo haliondoki nikiwepo mimi. Niliahidi kitu ambacho si changu, kwa sauti ileile ya kuuzia mchele.

Nilijua kama alivyojua daktari, yaani sikujua, kama lilikuwa kopo la dawa au la unga. Hilo halikunizuia kuapa.

Halafu masika ikaja, akashikwa na malaria, na siku za kupimwa zikapita akiwa kitandani. Ikaandikwa: hakuja. Mara ya kwanza. Baada ya miezi mitatu, siku zikafika tena, na kila mgonjwa alipewa siku chache za kujitokeza. Zake zikaanza kuyoyoma. Ya kwanza hakutokea, ya pili hakutokea, mto umejaa, bodaboda hawavuki. Alitokea siku ya mwisho, saa nne asubuhi, amelowa mpaka magotini, na mkewe nyuma yake kashika kofia.

Niliona mara moja. Nataka hili lieleweke, kwa sababu nimeshasikia watu wema wakinitetea kwamba mimi nilidhani anatania. Sikudhani. Alikuwa anatembea ameubana mkono wa kushoto ubavuni, kama mtu aliyeficha kitu kwapani. Alikuwa anahema kwa juu juu, vipande vipande.

Nikafungua fomu. Kuna swali moja kwenye ile fomu limeandikwa kwa herufi nzito: je, umepata maumivu mapya ya kifua? Jibu likiwa ndiyo, mgonjwa hapulizi siku hiyo. Anapelekwa hospitali kupigwa picha ya kifua kwanza. Na hospitali kwa foleni ilivyo, picha ingetoka kesho, na kesho yeye angekuwa nje ya mradi.

Nikamsomea swali.

Akasema, "Tangu jana jioni kuna Mfipa kakaa huku ubavuni, anatwanga mahindi."

"Mwambie alipe kodi ya pango."

"Nimemwambia. Anasema mpaka dada yake aje."

Mdomo ulikuwa unacheka. Mabega yalikuwa yametulia. Nikasubiri aseme la kweli, na nadhani yeye alikuwa anasubiri nimuulize tena, kwa lugha ya watu wawili wenye akili. Sikumuuliza. Akasema, "Andika unavyojua wewe, mchawi." Nikaandika Hapana.

Nimejaribu kujiambia kwamba niliandika kwa ajili yake, ili kopo lake libaki. Ni kweli, nusu. Nusu nyingine ni kwamba chumbani kwangu hakushindwa mtu, na nilikuwa sitaki aanze yeye. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Mimi usaha niliuona, nikauwekea vema.

Pulizo la kwanza lilikuwa zuri, sijui alilitoa wapi. La pili akakatika katikati kwa kikohozi, mashine ikakataa. La tatu fupi, likakubaliwa lakini halifanani na la kwanza. La nne likakubaliwa, nalo halifanani. Jasho likawa linamtiririka kwenye kibanio cha pua, kikawa kinateleza, nikawa nakirudisha. Mkono wa kushoto ulikuwa bado uko ubavuni. Akaomba maji. Nikampa. Akasema, "Mtani, leo inatosha?" Hilo lilikuwa swali. Nilijua ni swali.

Nikamwambia, "Inatosha kwa wanaume wa kwetu. Wa kwenu hata haijaanza."

Nje mkewe akaangua kicheko. Nami nilipomsikia nikapata tusi la mwisho. Nikamwinamia sikioni lakini kwa sauti ya kufika dirishani: "Mkeo yuko nje anauliza kama kuna mwanaume mwingine kwenye foleni mwenye pumzi! Nimwambie nini? Nimwambie nini, mpagazi? Puliza!"

Akavuta. Akapuliza. Nikampigia kelele kuliko siku zote, bado, bado, bado, toa ya mwisho, toa na ya kaburini, na mstari ule, jamani, ulikuwa mstari wa kufundishia. Ulipanda na kulala sawasawa na wa kwanza. Mashine ikatoa ule mlio wake wa kukubali. Nikapiga makofi. Mkewe naye nje akapiga makofi.

Yeye akatoa bomba mdomoni akalishika. Akasema, "Mtani." Hilo tu.

Nikamwambia, "Haya inuka, mchezo umekwisha, kiti cha watu hiki."

Na hapo ndipo penye ubaya kuliko pote. Kati ya yeye kuniita na mimi kuelewa, nilimtania mara mbili zaidi. Nilimwambia asijifanye kufa, majeneza ya Wanyamwezi ni marefu, mbao ni ghali. Nilimwambia hivyo wakati tayari upande mmoja wa kifua chake ulikuwa haupandi. Macho yalikuwa yananitazama, yana akili timamu. Alinisikia. Lilikuwa tusi la mwisho kuingia masikioni mwake.

Nikapiga yowe. Daktari alikuja mbio, akagonga kifua kwa vidole, kikalia kama debe. Akasema pafu limepasuka, hewa inavujia ndani na kulibana, akaomba sindano nene, akaichoma, hewa ikatoka ikilia. Mtani wangu akapata nafuu kidogo ya kupakiwa kwenye gari. Hospitali si mbali, lakini alifia kwenye geti, wakati mlinzi anaandika namba ya gari.

Jioni ile daktari akaleta fomu, akaiweka mbele yangu. Alikuwa kijana mpole, macho yamevimba. Akasema pafu la hivyo huenda lilikuwa limeanza kuvuja mapema, na angepigwa picha wangelikuta limeanza, wangeliwahi.

"Ulimuuliza hili swali?"

"Nilimuuliza."

"Alisemaje?"

"Alisema hapana."

Akashusha pumzi, akasema basi, wagonjwa wengine wanaficha, usijilaumu dada. Wakubwa wakauliza hilohilo kwa simu ya picha, kwa Kiingereza, binti wa Dar akanitafsiria kwa ile sauti yake ya kubembeleza, nami nikasema hilohilo. Ikaandikwa kwamba alificha. Mtu aliyeniambia, nimeandikisha kwamba alificha.

Mtaniuliza alikuwa kwenye kopo gani. Nitasema ili nisisumbuliwe. Mradi ulipofungwa, siri ikafunguliwa, na daktari akanionyesha orodha. Alikuwa na dawa yenyewe. Ilikuwa inamshika. Lile jua lililomchoma, kile kitenge cha bibi harusi, ndiyo ilikuwa dawa ikifanya kazi. Lakini hayo niliyajua baadaye. Wakati tunamzika nilikuwa bado najifariji kwamba pengine alikuwa na unga.

Sikutaka kwenda msibani. Nilifunga mlango wangu Majengo, nikajilaza na nguo. Siku ya pili, saa tano asubuhi, pikipiki ikasimama nje, na mtu akagonga. Alikuwa shemeji wa marehemu, katumwa. Akasema kule Litapunga kila kitu kiko tayari, padri kafika, kaburi limechimbwa, lakini mjane amegoma. Anasema maiti haitoki mpaka mtani wake mkubwa aje.

Asiyezoea atashangaa. Kwetu mtani ana kazi msibani. Yeye halii. Yeye anamwigiza marehemu, anamtukana, anaingia kaburini kugomea jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka wapende wasipende. Mtani asipokuja, ukoo mzima unaona aibu, kama marehemu hakuwa mtu wa watu. Nikapanda pikipiki.

Nilipotokea tu, wanawake wakapiga vigelegele. Msibani, vigelegele! "Mchawi kaja! Kaja kula nyama aliyoiwinda!" Watani wengine, Wafipa wa pale Litapunga, walikuwa wameshaanza, mmoja kajilaza kaburini anasema shimo ni dogo, Mnyamwezi atatokeza miguu. Wakanisukuma mbele. Mjane alikuwa kwenye mkeka, katikati ya wanawake, uso umevimba. Akachukua ile kofia pana ya majani iliyokuwa mapajani mwake, akanipa. "Mvae," akasema. "Wafanyie alivyokuwa anapuliza."

Nikaivaa. Ilinuka jasho lake. Watu mia na zaidi wamekaa kwenye nyasi wananitazama, nyuso tayari zimekunjuka zinasubiri. Nikajua siwezi, na nikajua kuna kitu kimoja tu kinachoweza kunitoka.

Nikasema, "Nimemuua mimi."

Wakacheka. Kicheko kikubwa, cha pamoja, kikatoka mpaka kwa wanaume waliokuwa mbali kwenye mahindi.

"Sikilizeni nyie! Aliniambia ubavu unamuuma. Aliniambia! Nimeandika kwenye karatasi hakusema!"

"Mwe! Wafipa hawa!" mzee mmoja akapiga mapaja. "Anakula mtu, halafu anaandika!"

"Aliniuliza kama inatosha. Nikamwambia haitoshi. Nilimpulizisha mpaka pafu likapasuka!" Sasa nilikuwa nalia, makamasi yananitoka, sauti yangu ya Majimoto ikifika mpaka barabarani. "Angekuwa hai! Angekuwa hai leo, mimi ndiye niliyemuua!"

Na kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka. Walisema hajapata kuonekana mtani wa namna hii, anatoa na machozi ya kweli. Wenye simu wakazitoa kunirekodi. Yule aliyekuwa kaburini akatoka na udongo mgongoni, akanishika mkono, akaninong'oneza, "Dada, wewe umetisha, niachie kidogo na mimi." Padri mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika.

Nikamgeukia mjane. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono yote miwili, nikasema polepole, kwa sauti ambayo sijui niliipata wapi, kwamba ni kweli, mama, siyo utani, ni kweli.

Alikuwa anacheka mpaka hana pumzi. Alinivuta, akanikumbatia, mwili wake wote ukatikisika dhidi ya wangu, cheko na kilio vimechanganyika. "Najua," akasema. "Najua, mchawi wee. Nilikuwa dirishani, nilisikia yote. Amekufa akichekeshwa. Nani mwingine anapata kifo hicho?" Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Asante, mtani. Tangu juzi nilikuwa sijacheka."

Jeneza likatoka. Nilipewa jogoo, ndiyo haki ya mtani aliyefanya vizuri, na haki hiyo hairudishwi. Nikampakata kwenye pikipiki mpaka Majengo, Jumapili akachinjwa, nikamla.